Stratos ya sekunde, Safari ya dakika

Pasaka ya 1975 Safari Rally ilichukuliwa na Peugeot 504 ya Mswidi Ove Andersson. Nyuma yake zilifika Lancia Stratos mbili, moja ikiendeshwa na Mwitaliano Sandro Munari, nyingine na Mswidi mwingine, Björn Waldegård. Ukisoma masimulizi ya Stratos yanayoandikwa Ulaya, nafasi hizo za pili na tatu hupewa mstari mmoja wa huzuni: gari hili lilitamba Monte Carlo, Sanremo na Corsica, ila Afrika ililishinda.

Nyumbani kwetu nako simulizi ilikuwa hiyo hiyo, ila ilisimuliwa kwa furaha. Baba yangu mdogo alikuwa na Peugeot 504 rangi ya maziwa. Ilibeba mahindi, wagonjwa, maharusi, na siku moja ilibeba mbuzi watatu. Kila Pasaka wazee walipokaa kibarazani kuizungumzia Safari, 504 ile iliyoegeshwa chini ya mwembe ndiyo ilikuwa shahidi wao. Kwao Stratos ilikuwa mgeni aliyekuja shambani kavaa suti. Nimekua na maelezo hayo, na kwa miaka mingi nimeyaamini. Siku hizi nayakataa, na nitaeleza kwa nini.

Stratos ndilo gari la kwanza kubuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya rally peke yake. Halikuwa gari la familia lililoongezewa nguvu, wala gari la matajiri lililofungwa taa za ziada. Na karibu kila kitu kilicholipa ushindi kwenye milima ya Ulaya kilikuwa mzigo kwenye barabara za Kenya. Kwa hiyo gari lenye mzigo huo linapomaliza Safari la pili na la tatu kwa pamoja, mimi naona kazi ya ubunifu na uendeshaji iliyo kubwa kuliko vikombe vyake vinne vya Monte Carlo. Ili kuliona hilo, lazima tulichungulie gari lenyewe kwa karibu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 timu ya mbio ya Lancia, chini ya Cesare Fiorio, ilikuwa na gari linalozeeka. Kampuni hiyo ya Turin, iliyoanzishwa na Vincenzo Lancia mwaka 1906, ilikuwa imemezwa na Fiat mwaka 1969. Fiorio alitegemea Fulvia HF, gari dogo lenye injini ya V4 ya lita 1.6, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Munari na msoma ramani wake Mario Mannucci walishinda nalo Monte Carlo mwaka 1972, na mwaka huo huo Lancia ikatwaa ubingwa wa kimataifa wa watengenezaji. Lakini Wafaransa walikuwa na Alpine A110, nyepesi kama karatasi, injini nyuma, iliyokuwa imeshinda Monte Carlo ya 1971 na ingeshinda tena ile ya 1973. Fulvia isingewakimbia tena.

Kila timu wakati ule ilianzia dukani. Unachukua gari ambalo kampuni inauza, unalipunguza uzito, unaliongezea nguvu, unalipeleka mbioni. Fiorio aliugeuza mwendo huo. Alitaka kwanza lijengwe gari la mbio, kisha yatengenezwe mengine ya kutosha ili sheria ilikubali kama gari la kawaida. Kanuni za Kundi la 4, daraja la mbio alilolilenga, zilidai magari 500, baadaye yakapunguzwa hadi 400. Leo watu wanauona uamuzi huu kama jambo la kawaida. Mwaka 1971, ndani ya kampuni iliyokuwa imetoka kununuliwa, yalikuwa mawazo mazito.

Umbo lilianzia kwingine. Kwenye maonyesho ya magari ya Turin mwaka 1970, karakana ya Bertone ilionyesha kitu kilichoitwa Stratos Zero. Kilichorwa na Marcello Gandini, kijana wa Turin ambaye tayari alikuwa amechora Lamborghini Miura. Zero ilikuwa na kimo cha sentimita 84, yaani juu kidogo tu ya meza ya kulia chakula. Haikuwa na milango: kioo cha mbele kilifunguka kwenda juu, ukapanda kwa kukanyaga pua ya gari, ukaingia ukiwa karibu umelala. Injini yake ilitoka kwenye Fulvia. Inasimuliwa kwamba Nuccio Bertone mwenyewe aliiendesha hadi makao ya Lancia, na alipofika getini hakusubiri kizuizi kiinuliwe, alipita chini yake.

Ni kisa kizuri na kimependwa sana, ila kimezaa kosa ambalo nalikuta kila mahali: kwamba Stratos ni mchoro wa maonyesho uliopelekwa mbioni. Weka picha za magari mawili pamoja uone. Zero ni kabari ya kutazamwa. Stratos iliyofuata, ile iitwayo HF, imechorwa na Gandini huyo huyo, lakini mistari yake karibu yote imetokana na hitaji fulani la dereva au la fundi. Watu wa mbio walitaka hiki, wakakataa kile, na Gandini akayapatia matakwa yao sura. Hapo ndipo ninapouona ukubwa wake. Kuchora kabari isiyobanwa na sharti lolote si jambo gumu kwa mwenye kipaji. Kuchora gari ambalo mafundi wamekwisha kuamua wapi injini ikae, dereva aone nini na wapi mkono wa fundi upite, kisha likapendeza kuliko ile kabari, hiyo ni kazi ya bingwa.

Tuanze na vipimo. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye Stratos ni milimita 2180. Kwa anayeishi Dar es Salaam au Nairobi, kipimo chepesi ni Toyota Vitz ya kwanza, ile ya 1999, ambayo umbali huo ni milimita 2370. Stratos, basi, ni fupi kuliko Vitz kwa karibu sentimita 19 kati ya magurudumu, na bado ni pana, mita 1.75. Kimo chake ni sentimita 111, yaani mtu mzima akisimama pembeni paa linamfika karibu na kitovu. Uzito wake hauzidi sana kilo 900 na kitu. Injini imelazwa kwa upande nyuma ya viti viwili, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma.

Kwa nini fupi hivyo? Mfikirie muuza maji mwenye mzega begani, ndoo moja mbele, moja nyuma. Akitaka kugeuka ghafla, ndoo zinamkatalia: zinachelewa kuanza kuzunguka, na zikishaanza zinachelewa kusimama. Mtu huyo huyo akizikumbatia ndoo mbili kifuani, uzito ni ule ule, lakini anageuka anavyotaka. Gari la kawaida lenye injini mbele na buti nyuma ni mtu wa mzega. Stratos ni mtu aliyekumbatia ndoo: dereva, msoma ramani na injini vimebanwa katikati. Ongeza magurudumu yaliyokaribiana, na unapata gari linalogeuka mara tu usukani unapoguswa. Kwenye barabara ya mlimani Corsica yenye kona baada ya kona, au kwenye barafu juu ya Monte Carlo, kila kona linachuma robo ya sekunde hapa na nusu pale. Gharama yake ni kwamba linageuka hata usipotaka ligeuke. Wanaolijua wanasema haliruhusu mkono kulala. Munari alitumia miezi mingi kulijaribu pamoja na wahandisi, miongoni mwao Gianpaolo Dallara na Mwingereza Mike Parkes, kabla halijawa la kuaminika.

Kioo cha mbele ni kitu ambacho ningependa kila anayelipenda gari hili akitazame kwa utulivu. Kimejipinda kutoka mlango hadi mlango kama kioo cha kofia ngumu ya mbio, na wengi hudhani ni mapambo. Chukua chupa nene ya mviringo, kata kipande kirefu ubavuni mwake: hicho ndicho kioo cha Stratos. Mpindo wake ni ule ule kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwa sababu hiyo dereva haoni barabara ikipindapinda anapotupa jicho pembeni. Nguzo za paa zimerudishwa nyuma sana. Kwenye kona kali dereva wa rally hatazami mbele ya boneti, anatazama pembeni, kule gari linakoelekea kufika. Gandini aliondoa kila kilichosimama kati ya jicho na mahali pale.

Milango imekombwa ndani ikawa mifuko mikubwa, kila mmoja unatosha kofia ngumu ya mbio. Kwa njia ile ya mbio, ambapo kuna safari ndefu za barabara ya kawaida kati ya hatua moja, yaani kipande cha barabara kinachokimbiwa kwa saa, na nyingine, kofia lazima iwe na mahali pake. Kioo cha mlango hakina mkono wa kuzungusha. Unalegeza kitufe, unakivuta kwenye mfereji wake, na kioo kinashuka kwa kuinama. Kumekuwa na kilo kadhaa za chuma zilizookolewa hapo. Kisha kuna sehemu ya mbele na ya nyuma ya bodi, zote za faibaglasi, ambazo hufunuka nzima nzima kama makasha mawili. Kilichobaki katikati ni chumba cha chuma. Fundi haingii mvunguni kutafuta giaboksi. Anafunua, na injini, klachi na shokapu vyote viko mbele yake. Mtu aliyewahi kulala mgongo juu ya mchanga wa moto akitafuta nati moja ataelewa thamani ya jambo hilo.

Ilibaki injini. Chaguo la Fiorio lilikuwa V6 ya Dino, ya sentimita za ujazo 2418, injini ya Ferrari iliyobeba jina la marehemu mtoto wa Enzo Ferrari. Enzo hakuwa na haraka. Alikuwa akiuza Dino 246, na gari jipya lenye injini ile ile lingekuwa mshindani aliyemlisha mwenyewe. Fiat ilikuwa na hisa nusu ndani ya Ferrari, mazungumzo yakavutana, na mambo yalilegea pale Dino 246 ilipokuwa ikifikia mwisho wake mwaka 1974. Lancia ikapata injini 500. Kwenye gari la kuuzwa zilitoa nguvu za farasi 190. Kwenye gari la mbio zilikaribia 280, na baadaye, zilipowekewa valvu nne kwa kila silinda, zikapita 300. Magari yenyewe hayakufika 500. Idadi inayotajwa mara nyingi ni 492. Idhini ya Kundi la 4 ilitoka tarehe 1 Oktoba 1974.

Kabla ya idhini, Stratos ilikimbia katika daraja la magari ya majaribio. Ilianza Corsica Novemba 1972 na haikumaliza. Ushindi wa kwanza ulikuja Hispania mwaka uliofuata. Baada ya idhini mambo yalikwenda kasi. Munari alishinda Sanremo mwezi ule ule, Lancia ikatwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, ikarudia 1975, ikarudia 1976. Monte Carlo ya 1975, 1976 na 1977 zote zilikuwa za Munari; ile ya 1976 Stratos zilichukua nafasi tatu za kwanza. Waldegård aliishinda Sweden kwenye theluji mwaka 1975. Kwa jumla gari hili lilishinda rally 17 za ubingwa wa dunia.

Kati ya hizo zote nataka nisimame kwenye moja, Sanremo ya 1976, kwa sababu inaonyesha gari hili lilijengwa kwa hesabu gani. Ilipofika hatua ya mwisho, Waldegård alikuwa mbele ya Munari kwa sekunde 4. Wote wawili walikuwa wa Lancia, wote kwenye Stratos, na rally ni ya nyumbani Italia. Waldegård akaamriwa asubiri sekunde 4 kwenye mstari wa kuanzia, ili yeye na Munari waianze hatua ile wakiwa sawa. Alikaa ndani ya gari, injini inaunguruma, saa inasonga, akahesabu sekunde zake nne zikipotea. Kisha akaondoka, akakimbia hatua nzima, na alipofika mwisho alikuwa amempita Munari kwa sekunde 4 zile zile. Baada ya hapo akahamia Ford. Sitaki kuhukumu amri ile. Ninachokitazama ni kipimo chake. Siku kadhaa za mbio milimani, magari mawili yanayofanana, na tofauti kati ya bingwa na anayemfuata inatosha kuvuta pumzi mara moja. Ulimwengu wa Stratos ulikuwa huo. Mzega uliondolewa na mlango ukakombwa kwa ajili ya sekunde kama zile.

Sasa njoo Kenya.

Safari ilianza mwaka 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Katika miaka ya Stratos ilikuwa bado mbio ya zaidi ya kilomita 5000, kwa siku kadhaa, wakati wa masika. Haikuwa na hatua fupi zilizofungwa kwa ajili ya mbio. Ulitoka kituo kimoja hadi kingine kwenye barabara ya watu wote, ambako malori, mabasi, ng'ombe na watoto wa shule walikuwa na haki sawa na wewe, na ukichelewa ulitozwa dakika. Dereva alipoteza dakika 10 kwenye mto uliofurika, akalipa dakika 20 kwenye tope jeusi linalonata hadi magurudumu yasizunguke. Sekunde 4 za Sanremo hapa zisingenunua hata muda wa kufungua mlango.

Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kuichukua Safari. Washindi walikuwa watu waliozijua barabara hizi mchana na usiku, kama Joginder Singh wa Kenya, au Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania na kushinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Na magari yao yalikuwa magari ambayo mwalimu mkuu na daktari wa wilaya wangeweza kuwa nayo.

Hapo ndipo ule ufupi wa Stratos unapogeuka. Mtu wa pwani hahitaji mhandisi kumweleza: mtumbwi mfupi hupanda kila wimbi na kushuka kila wimbi, jahazi refu hulala juu ya mawimbi mawili matatu na kuyakata. Barabara ya vumbi iliyopitiwa na malori hujikunja kama bati, na baada ya mvua huongeza makorongo. Peugeot 504, yenye mita 2.74 kati ya ekseli, ilikuwa jahazi. Stratos, fupi kwa sentimita 56, ilikuwa mtumbwi. Pua inapanda, mkia unashuka, halafu kinyume chake, maelfu ya mara, na kila mara uzito wote ule uliokumbatiwa katikati unaangukia shokapu na vishikio vyake. Gari linalogeuka mara moja Corsica, kwenye mstari mnyoofu wa Kenya linataka kugeuka lenyewe, na dereva analirekebisha bila kupumzika kwa saa kumi na zaidi. Chumba kile kilichobana, chenye injini ya V6 nyuma ya kisogo, kwenye joto la nyanda za chini ni mateso. Na buti? 504 inameza matairi ya akiba, jembe, kamba, dumu la maji na begi la nguo, na nafasi inabaki. Stratos ilichorwa na watu walioamini kwamba gari la huduma liko kona inayofuata.

Lancia haikuja kijinga. Stratos za Safari ziliinuliwa, zikaimarishwa, zikafungwa vyuma vya kuzuia wanyama mbele ya ile pua nyembamba, zikaongezewa taa. Ukiitazama picha ya gari hilo la Safari, rangi nyeupe, kijani na nyekundu za shirika la ndege la Alitalia chini ya matope, unaona jinsi umbo lililochorwa lishikamane na ardhi linavyosimama juu ya miguu isiyo yake. Kila sentimita waliyoliinua ilikipandisha juu kile kilichokusudiwa kukaa chini. Walikuwa wanalilipa gari deni ambalo mbunifu wake hakulikopa.

Na bado 1975 likafika la pili na la tatu. Munari aliendesha na Lofty Drews, Mkenya aliyezijua njia, na nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya jibu. Mwaka uliotangulia wawili hao walimaliza wa tatu kwa Fulvia iliyokuwa imeshachoka. Mwaka 1976 Kenya iliwapa Lancia jibu lingine. Joginder Singh alishinda kwa Mitsubishi Lancer, Lancer zikachukua nafasi zote tatu za juu, na Stratos haikuonekana jukwaani. Lancer, niseme ukweli, haikuwa jahazi kama 504. Lilikuwa gari fupi pia, kwa hiyo urefu peke yake haumalizi hoja. Ilichokuwa nacho ni wepesi wa kutengenezeka, chuma kinachosamehe, na Joginder. Mwaka 1977 mvua ilikuwa kubwa mno. Munari alirudi na Stratos akamaliza wa tatu, na aliyeshinda alikuwa Waldegård, yule wa sekunde 4 za Sanremo, akiwa kwenye Ford Escort.

Kuna atakayesema kwamba natetea gari lililoshindwa. Basi tutazame kilichofuata. Audi Quattro, gari lililobadilisha rally nzima kwa kusukumwa na magurudumu yote manne, lilikuja Safari mara kadhaa bila kushinda. Audi ilipoishinda hatimaye, mwaka 1987, Mikkola aliendesha Audi 200, gari kubwa refu la wakurugenzi. Lancia nayo ilipata kikombe cha Safari mwaka 1988 kwa Miki Biasion, ikarudia 1989, na tena 1991 kwa Juha Kankkunen. Magari yote matatu yalikuwa Delta Integrale, na chini ya misuli ile Delta ni gari la milango mitano la kupeleka watoto shule. Kwa miaka mingi Safari haikutoa kikombe kwa gari lililobuniwa kwa ajili ya sekunde. Stratos ndiyo iliyolikaribia jambo hilo kuliko mengine ya aina yake, ikiwa na magurudumu mawili tu yanayosukuma na umbali wa ekseli unaozidiwa na Vitz.

Kilichoimaliza si Safari wala Alpine. Fiat iliamua kwamba fedha za mbio zinafaa kuliuza gari lenye wateja, na 131 Abarth, lenye sura ya gari la ofisini, likapewa bajeti kuanzia 1977. Kibiashara naelewa. Hakuna mtu aliyekuwa anakwenda dukani kununua Stratos kwa sababu imeshinda Monte Carlo. Hata hizo zilizojengwa zilichukua muda kuuzika. Lakini gari halikukubali kufa. Markku Alén alishinda nalo Sanremo mwaka 1978. Bernard Darniche, akiwa na gari la buluu la timu binafsi ya Ufaransa, alishinda Monte Carlo ya 1979 kwa tofauti ya sekunde 6, na aliyemwacha nyuma ni Waldegård. Darniche akashinda tena Corsica mwaka 1981, miaka saba baada ya idhini, wakati Quattro tayari zilikuwa barabarani.

Wazo la Fiorio limeishi zaidi ya gari lake. Kanuni za Rally1 zilizoanza mwaka 2022 zinaruhusu gari la mbio lijengwe juu ya fremu ya mabomba ya chuma, likivaa tu sura ya gari la duka. Magari ya namna hiyo ya Toyota yalichukua nafasi nne za kwanza Naivasha mwaka 2022, na nne tena mwaka 2023. Mtu anaweza kusema hatimaye gari lililobuniwa kwa rally tu limeishinda Safari. Ni kweli, ila Safari ya leo ina takriban kilomita 360 za hatua zilizofungwa, na inahesabu kwa sekunde na sehemu za sekunde. Imehamia kwenye saa ya Stratos.

Baba yangu mdogo alishaliuza 504 lake zamani, na mwembe umebaki. Nikienda, bado tunabishana. Yeye husoma orodha ya 1975 kuanzia juu na kuishia hapo hapo. Mimi namwomba ashuke mstari mmoja, halafu mwingine, kisha namchorea mchangani kwa kijiti: hapa magurudumu ya mbele, hapa ya nyuma, na kati yao karibu hatua tatu za mtu mzima.